Kuvua waksi na silanti ya zamani kwenye rangi ya gari

Swali: Mtaalamu, gari langu ni la bluu iliyokoza. Kwa miaka 6 nimekuwa nikilipaka waksi ya kopo kila baada ya miezi 3, na mwaka jana nikapaka juu yake silanti ya kupuliza, yaani kinga ya rangi isiyo ya nta. Sasa nikimwaga maji kwenye boneti yanalala tu, lakini milangoni bado yanajikusanya kama shanga. Nataka kupaka silanti mpya ya kudumu, na maelekezo ya kwenye chupa yanataka rangi iwe tupu kabisa. Nimeosha mara 3 kwa sabuni ya vyombo. Shanga zilipotea, wiki iliyofuata zikarudi. Rafiki yangu ananiambia nifute kwa petroli au tina (ile ya kuchanganyia rangi) nimalize kazi. Nifanyeje nisiumize rangi, na nitajuaje kwamba vitu hivyo vimetoka?

Jibu: Ndugu yangu, nianze na hilo la petroli na tina, maana ndilo linaloweza kukuharibia gari leo leo. Usithubutu. Petroli inayeyusha waksi, ni kweli, lakini mvuke wake unashika moto hata kwenye baridi ya chini ya nyuzi sifuri, na cheche ndogo tu inatosha. Isitoshe, imechanganywa viungo kwa ajili ya injini, na viungo hivyo vinaweza kubaki juu ya rangi kama utando. Tina nayo inashambulia rangi yenyewe. Klia, yaani ile vanishi ngumu inayofunika rangi, ikiwa ni ya kiwandani inaweza kuistahimili kwa muda mfupi. Lakini gari lililotembea miaka yote hiyo huenda lina bampa au madigadi lililowahi kurudiwa rangi, na kama fundi alipuliza rangi isiyochanganywa hadina, ile dawa ya kuigandisha, tina itaing'oa na utaikuta bluu yako kwenye kitambaa. Mafuta ya taa hayang'oi rangi, ila yanaacha mafuta: utatoa waksi, ubaki na kazi ya kutoa mafuta.

Tuje kwenye sabuni ya vyombo, kwa sababu kilichokupata kinawapata wengi. Hukuona waksi ikitoka kisha ikirudi. Waksi haikwenda popote. Sabuni ile imetengenezwa kung'oa mafuta ya chakula kwenye sahani, na kazi hiyo inaiweza, lakini usipoisuuza sana inaacha utando wake mwembamba. Utando huo unapenda maji, kwa hiyo maji yanatandaa juu yake badala ya kujikusanya, nawe ukadhani rangi iko tupu. Mvua ikanyesha, au ukaliosha gari kwa maji matupu, utando ukaondoka na shanga zikajitokeza, maana waksi ilikuwa chini yake muda wote.

Boneti nayo huenda inakudanganya kwa njia nyingine. Ni kawaida kinga ya boneti kuisha mapema, kwa sababu jua linaichoma juu na injini inaipasha moto chini. Lakini yawezekana pia silanti bado ipo na imefunikwa: moshi wa barabarani, vumbi la chuma litokalo kwenye breki, chumvi za maji magumu. Uchafu huo nao unapenda maji. Kwa hiyo maji kulala kunaweza kumaanisha mambo matatu: rangi iko tupu, ina sabuni, au ina uchafu. Mimi maji nayachukulia kama shahidi mzuri anayepaswa kuulizwa mwisho, baada ya sabuni na uchafu kuondolewa. Ukimuuliza mwanzo atakupotosha, kama alivyokupotosha mara 3.

Kuhusu hizo tabaka zako za miaka 6, huna haja ya kuziogopa. Waksi nyingi za kopo zina karnauba, nta inayotolewa kwenye majani ya mti wa jamii ya mitende unaoota kaskazini-mashariki mwa Brazili. Ikiwa peke yake ni ngumu kama jiwe, nayo huyeyuka kwenye nyuzi 82 hadi 86 za Selsiasi, ndiyo maana ndoo ya maji moto ambayo mkono unaivumilia haiwezi kuiyeyusha. Ili ipakike, watengenezaji huilainisha kwa viyeyushi na mafuta. Sasa kila ulipopaka tabaka jipya, viyeyushi hivyo vililainisha waksi ya chini, zikachanganyika, na ulipofuta ukaondoka na sehemu kubwa ya zote mbili. Miaka 6 mara 4 kwa mwaka ni tabaka 24, lakini kwenye gari hakuna magamba 24. Kuna utando mmoja mwembamba mno.

Silanti ni jambo jingine. Nyingi ni polima za silikoni zilizotengenezwa zishike kwenye rangi na kukauka zikiwa zimeshikana, kwa hiyo sabuni ya kawaida haizisumbui sana, na viyeyushi huzilainisha bila kuzimaliza kila mara. Ya kupuliza kama yako huwa nyepesi kuliko ya kupaka kwa sponji. Ila isome tena ile chupa ya mwaka jana. Kama ilikuwa kinga ya seramiki ya kukauka na kuwa ngumu, hiyo haitoki kwa sabuni wala kwa kiyeyushi. Inatoka kwa kusuguliwa na polishi tu.

Kabla sijakupa hatua, niseme jambo ambalo linaniuma nikiona watu wanavyofanya. Si kila mara unapaswa kuvua kinga ya zamani. Kama ungekuwa unapaka waksi juu ya waksi, ningekuambia osha, kausha, paka. Lakini wako wanaovua kila msimu, kwa udongo wa kusafishia rangi na polishi, wakidhani wanalitunza gari. Klia ya kiwandani mara nyingi ina unene wa mikroni 35 hadi 50, na mikroni ni sehemu ya elfu ya milimita. Karatasi ya kawaida ya kuchapia ina mikroni 100 hivi. Yaani kinachoizuia rangi yako isipauke juani ni nusu ya karatasi, na kila polishi inakwangua kidogo. Ikitoka hairudi. Kwa hiyo vua unapokuwa na sababu: unapaka kinga inayohitaji kushika kwenye rangi tupu, au unataka kupiga polishi kwa mashine, au sehemu inakwenda kupigwa rangi upya. Wewe sababu unayo.

Fanya kazi kivulini, bodi ikiwa ya baridi. Weka nyuma ya kiganja kwenye boneti, na kama huwezi kukiacha hapo kwa raha, subiri. Kama gari lina rangi isiyong'aa, ile ya mati, mengi nitakayosema hapa hayakuhusu. Rangi hiyo haisuguliwi kwa udongo wala polishi.

Osha kwanza kwa shampuu ya kawaida ya gari ili mchanga uondoke. Kisha osha mara ya pili kwa shampuu ya kuvua waksi, au kwa kisafishaji chenye alkali kilichochanganywa na maji kama kibandiko kinavyosema. Alkali ndiyo inayong'oa waksi, si wingi wa povu. Paka sehemu moja moja, mlango kisha mlango, kiache dakika moja au mbili, pitisha glavu laini ya kuoshea, suuza. Kisikaukie kwenye gari hata mara moja, hasa kwenye urembo wa aluminiamu usiopakwa rangi, maana alkali huuachia weupe usiotoka. Yale mabaki meupe ya waksi kwenye plastiki nyeusi za pembeni huwa yanatoka hapa kwa brashi laini, na usipoyatoa sasa silanti mpya itayafungia humo. Halafu suuza kuliko unavyodhani inatosha: paa, kingo za milango, nyuma ya vioo vya pembeni, kote.

Baada ya hapo inakuja zamu ya vitu vilivyoganda. Madoa ya lami huondolewa kwa kiyeyushi chake, kidogo kwenye kitambaa, kwa kugusa na kusubiri badala ya kusugua. Vumbi la chuma linatolewa kwa dawa ya kupuliza inayogeuka zambarau inapokutana na chuma. Ina harufu mbaya kama yai bovu, usishtuke. Ukishasuuza, vaa mfuko mwembamba wa plastiki mkononi na upapase rangi ikiwa na maji. Mfuko unakuza hisia za vidole, na kile ulichodhani ni laini utakisikia kama msasa. Palipo na chenga ndipo panapohitaji udongo wa kusafishia rangi, ule wa kufinyangwa, ukiteleza juu ya maji mengi yenye shampuu bila kukandamizwa. Unapochafuka ukunje upate uso mpya, na ukianguka chini utupe. Chembe moja ya mchanga ndani yake itakuchorea gari zima. Udongo nao unaondoka na sehemu ya waksi, ila usiutegemee kwa hilo, na palipo laini usiupitishe.

Sasa kiyeyushi, na hapa naomba unisikilize vizuri. Tumia kile kiondoa waksi na grisi wanachotumia mafundi wa rangi kabla ya kupuliza. Kimetengenezwa kiyeyushe waksi, mafuta na silikoni bila kugusa klia iliyokauka vizuri. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya mlango. Kama rangi ina miezi michache tangu ipigwe, usikiguse bila kumuuliza aliyeipiga. Vaa glavu, fungua milango hewa ipite, pasiwe na moto wala sigara karibu, na vitambaa vilivyolowa uvitandaze nje vikauke badala ya kuvirundika.

Mimi nafanya hivi. Nachukua vitambaa viwili vyeupe vya maikrofaiba, kila kimoja nimekikunja mara mbili, kwa hiyo nina nyuso 8 za kutumia kwenye kila kimoja. Cha kwanza nakilowesha kiasi cha kuwa na unyevu, kisidondoke. Napita nacho kwa mstari ulionyooka, eneo lisilozidi ukubwa wa gazeti lililofunguliwa, na rangi inabaki na mng'ao wa unyevu. Mng'ao huo haujaanza kufifia, mkono wa pili tayari unapita na kitambaa kikavu na kuunyanyua wote. Kisha nageuza nyuso, nahamia eneo la pili. Sababu ya vitambaa viwili ni hii: kiyeyushi hakiangamizi waksi, kinaifanya ielee tu. Ukikiacha kikauke chenyewe, kiyeyushi kinaruka hewani na waksi inatua palepale ilipokuwa, safari hii ikiwa imesambaa vizuri zaidi. Wengi wanafuta kwa kitambaa kimoja, wanaona gari linang'aa, wanaridhika, na hawajatoa kitu.

Mkono wako utakuambia mapema kuliko jicho. Mwanzoni kitambaa kikavu kinateleza bila juhudi. Kwenye mpito wa pili au wa tatu kinaanza kugoma, kama kidole kwenye glasi iliyotoka kuoshwa, na pengine kinalia kidogo. Hapo waksi imekwisha. Kitambaa cheupe nacho kinakuwa na kivuli cha njano au kijivu kwenye nyuso za mwanzo, na za mwisho zinabaki nyeupe. Kwa bluu yako iliyokoza, ukiinama na kuangalia kwa ubavu utaona pia michirizi yenye rangi za upinde wa mvua pale ambapo utando bado upo.

Suuza gari kwa maji matupu, na sasa muulize shahidi. Toa kichwa cha mpira wa maji ili maji yatoke taratibu bila kupulizwa, yamwage juu ya mlango yashuke kama shuka, kisha ondoa mpira na utazame kwa nusu dakika. Usitegemee yabaki yametandaa kabisa kama kwenye glasi, kwa sababu klia yenyewe ni plastiki na inayasukuma maji kidogo. Kwenye rangi tupu shuka hilo linachanika polepole, linaacha viraka vipana, bapa, vyenye kingo za ovyo. Kwenye kinga maji yanakimbia upesi na kuacha matone ya duara yaliyosimama. Kama huna uhakika unaona nini, fungua mlango uangalie ukingo wake wa ndani, pale penye rangi ileile lakini ambapo hujawahi kupaka waksi. Ufute kwa kiyeyushi kama ulivyofuta nje, mwaga maji, uyaangalie yanavyokaa. Hicho ndicho kipimo chako. Nje ikifanana na hapo, umefika.

Ikiwa milango bado inatoa shanga za duara baada ya kiyeyushi kupita mara mbili, basi ni ile silanti imeng'ang'ania, na usiendelee kuongeza kiyeyushi. Chukua polishi laini kabisa, ya kumalizia, na sponji laini. Kwa mkono inawezekana, kwa mashine ya mzunguko mseto, ile inayozunguka huku ikitikisika, ni haraka zaidi na salama kwa anayeanza. Mpito mmoja kwa mwendo wa taratibu unatosha kuondoa silanti, kwa sababu hutafuti kufuta mikwaruzo. Kingo za boneti na mistari ya milango zifunike kwa tepu, maana hapo klia huwa nyembamba zaidi. Ukiona bluu kwenye sponji, simama: ama sehemu hiyo haina klia, au klia imekwisha. Kwenye rangi ya kiwandani isiyo na klia hilo ni kawaida, lakini kama sehemu nyingine za gari haziachii rangi, usiendelee kusugua hapo.

Polishi inaacha mafuta yake, na hayo ndiyo kazi ya alkoholi ya isopropili. Watu wengi wanaitumia kutoa waksi, nayo si kiyeyushi kizuri cha waksi hata kidogo. Kazi yake ni mafuta mepesi ya polishi na alama za vidole. Ichanganye na maji yaliyochemshwa na kukusanywa mvuke, yale ya kuongezea betri (si tindikali yake), alkoholi ikiwa asilimia 10 hadi 15. Zaidi ya hapo hakuna faida, na ikiwa kali sana inaweza kuilainisha klia, hasa iliyo changa.

Nikuambie pia jambo la mwisho kuhusu silikoni, kwa sababu gari lako lina umri, na siku moja utataka kurudia rangi mahali. Mwanzoni mwa kazi yangu niliharibu mlango wa mteja. Ulikuwa umepakwa silanti kwa miaka. Nilianza na msasa, nikamaliza, ndipo nikafuta kwa kiondoa grisi, nikapuliza. Sekunde chache tu rangi ikaanza kufunguka vishimo vya duara, kimoja hapa, kingine pale, kila kimoja kina ukingo ulioinuka na chini yake unaiona praima, ile rangi ya msingi. Mafundi tunaviita macho ya samaki. Msasa ulikuwa umeisukuma silikoni ndani ya mikwaruzo yake yenyewe, na kitambaa hakikuifikia tena. Nilikwangua mlango wote na kuanza upya, na mteja akakaa siku mbili bila gari. Tangu siku hiyo kiyeyushi kwangu kinapita kabla ya msasa, kisha kinapita tena baada yake. Mwambie hivyo fundi yeyote atakayeshika gari lako, na umtajie kwamba limepakwa silanti. Asipoambiwa hatajua.

Ukishafikia rangi tupu, usilale. Maji yaliyojificha nyuma ya vioo vya pembeni na kwenye kibao cha namba yatatiririka ukianza kupaka, kwa hiyo yapulizie hewa au subiri yatoke. Usiguse bodi kwa kiganja kitupu. Paka silanti mpya siku hiyohiyo, kwa kuwa klia iliyovuliwa kinga haina kitu kati yake na jua, vumbi na kinyesi cha ndege.

Na kazi ya kuvua uianze na mlango mmoja, si boneti. Milangoni shanga bado zipo, kwa hiyo utaona wazi zinavyopotea na utajifunza mkono wako unapaswa kusikia nini kitambaa kinapogoma. Boneti haina shanga za kukuonyesha, na ukifika huko utakuwa unafuata mkono tu.